Kufuli Kwenye Prizi ya Chumba cha Nyuma

Diploma yangu ya umeme wa viwandani sikupewa na mtu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa Musonoi, mtaa wetu hapa Kolwezi, wakiona gari langu na nyumba yenye vigae hudhani nina mkubwa fulani kwenye kampuni anayenishika mkono. Sina. Ada ya miaka mitatu ya Lubumbashi niliichimba mwenyewe kwenye mashimo ya kobalti, kila likizo, gunia begani. Kisha nikavuka mpaka, nikafanya kazi miaka tisa Kitwe kwenye karakana ya mota za pampu, ambako Wazambia wenyewe walikuwa wakiniita nije nisikilize mota iliyowashinda. Niliporudi Kolwezi nilirudi kuwa msimamizi wa umeme mgodini, mwenye ofisi na watu kumi na wanne chini yangu. Kati ya wenzangu wa darasani namjua mwingine mmoja tu anayeishi kwa kile alichosomea, na yeye ni mmoja wa hao kumi na wanne.

Nilirudi kukaa katika nyumba ya wazazi wangu. Baba alikuwa amechimba shaba miaka thelathini na kitu, na alichobaki nacho ni nyumba ile na kifua kibovu. Moshi hakuuvumilia hata kidogo. Jirani akichoma takataka upande wa pili wa barabara, baba alikohoa mpaka akashika ukuta. Mama alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na ndiye aliyeiendesha nyumba huku akimwacha baba aonekane kuwa ndiye anayeiendesha.

Nyumba niliigeuza. Niliweka dari, vigae, tangi la maji juu ya mnara wa chuma nilioulehemu mwenyewe. Chumba cha nyuma, alimozoea kukaa baba mchana, kilikuwa na dirisha linalotazama njia ya malori ya madini, na vumbi liliingia mpaka ndani ya foronya. Nikaliziba dirisha lile kwa plastiki nene na gundi ya silikoni, nikapigilia ukanda wa mpira chini ya mlango. Baada ya wiki moja mama alipitisha kidole juu ya meza na kidole kikatoka safi. Baba hakuniambia kitu, ila nilimsikia akimwambia rafiki yake, mstaafu mwenzake, kwamba mwanawe ameukataza mgodi usiingie chumbani. Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima.

Kilichonisumbua ni umeme. Bwawa la umeme la Nzilo haliko mbali, na nyaya zake nene zinatupita juu ya vichwa kwenda migodini, lakini nyumbani kwetu tulikuwa na mita ya kulipia mbele, na uniti za mwezi ziliisha siku ya kumi na mbili. Wengine wangelalamika. Mimi nilichukua kiti, nikakaa mbele ya mita Jumamosi nzima. Nilizima kila kitu, kisha nikawasha kitu kimoja kimoja, nikihesabu ile taa ndogo nyekundu inavyopepesa, maana hupepesa haraka kadiri umeme unavyopita. Friji ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika kwa sababu mpira wa mlango wake ulikuwa umechanika. Nikauweka mpya. Balbu zote nikabadilisha. Pasi nikaipangia siku moja ya wiki. Kisha nikabandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni, na kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni nikirudi niliandika namba ya mita.

Mama alisimama nyuma yangu akitazama nikichora mistari ya umeme, ambao kwetu huitwa kuran.

“Tata,” aliniita, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe, “na mi nakula kuran ngapi? Unipime basi.”

“Mama, wewe haule kitu.”

“Andika. Mama, zero. Na muzee yako?”

“Na yeye zero.”

“Uongo,” baba alisema kutoka kwenye kiti chake. “Mi nakula kwa radio.”

Mwezi ule uniti zilifika siku ya ishirini na sita. Kazini nilionyesha karatasi yangu, na wenzangu wawili waliomba niwapigie nakala. Sijaona bado nyumba nyingine Musonoi ambayo baba mwenye nyumba angeweza kukuambia, kwa saa, umeme wake unakwenda wapi. Mimi niliweza.

Kisha kiangazi kikaingia, na mwezi wa sita, asubuhi zikiwa na baridi kali kama zinavyokuwa kwetu kwenye uwanda wa juu, namba zilianza kupanda. Siku ishirini na sita zilirudi kumi na tano. Nilisoma karatasi yangu kwa makini. Usiku haukuwa na kosa. Jumapili haikuwa na kosa. Tofauti yote ilikuwa kati ya namba ya asubuhi na namba ya jioni, siku za kazi tu. Kitu kilikuwa kinakula nikiwa sipo.

Siku moja nilirudi saa nne asubuhi bila kumwambia mtu, nikiwa na pensi ya kupimia umeme, koleo linalobana waya na kusoma ampea, mfukoni. Nilifungua sanduku la disjonkta, swichi kuu za nyumba, barazani, nikabana waya mmoja baada ya mwingine. Waya wa chumba cha nyuma ulikuwa umebeba karibu ampea saba. Sikuhitaji kuingia ili nijue. Hiyo ni resho, jiko la umeme la sahani moja, lile lenye waya unaojizungusha na kuwa mwekundu. Hata hivyo niliingia. Baba alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, na resho ilikuwa juu ya matofali mawili mbele ya miguu yake, inawaka, haina sufuria.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni resho.”

“Naona ni resho,” nilisema, nikitaka sababu. “Juu ya nini inawaka bule?”

Mama alimtazama baba. Baba alitazama ukuta.

“Niko napasha mayi ya kufula manguo,” mama alisema.

“Mayi iko wapi?”

“Iko inakuya.”

Baba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mimi sikucheka. Baadaye mama alinifuata jikoni, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini:

“Baba yako anasikia baridi. Baridi ya mwaka huu inamuingia mu mifupa. Alinikataza nikuambie.”

“Juu ya nini anakataza?”

“Kwani haumujue? Yeye atakuomba wewe moto? Wewe mwenye alikubeba mu mugongo?”

Nilisikia alichosema, na nilifanya nilichoona ni jibu la mtu mwenye uwezo. Kesho yake nilipita sokoni nikanunua koti zito kuliko yote, lenye manyoya ndani na kofia. Baba alilivaa siku ileile na kulifunga zipu mpaka kidevuni. Nikajua jambo limekwisha. Lakini namba kwenye karatasi ziliendelea kupanda, na hapo nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipia dawa na bado ugonjwa upo.

Kwenye karakana ya kazini nilikata bati, nikatengeneza kisanduku cha kufunika prizi, lile tundu la umeme ukutani, nikakiwekea tundu la kufuli. Kazi safi, kingo zote nimezipiga msasa. Nilikifunga juu ya prizi ya chumba cha nyuma, na ufunguo nikautia pamoja na funguo za gari. Jioni hiyo, tukiwa mezani, nilileta karatasi yangu nikawaonyesha.

“Resho moja inakula kushinda nyumba muzima. Muzima! Friji, televizyo, taa zote, unachanga byote pamoja, haifikie resho.”

“Sawa, enjenia,” mama alisema.

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilifurahi.

Baba alikuwa anamenya kiazi kitamu, polepole, ganda moja refu. “Mutoto amesema,” alisema. “Iishe.”

Kwa siku tisa niliandika namba nzuri. Sitasema kwamba nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu sikuwa nao.

Alichokuwa anakifanya mama siku hizo tisa nilikijua baadaye. Aliwasha mbabula, jiko letu la makala, makaa ya miti, uani nyuma ya jikoni, akalipepea, akangoja. Alingoja mpaka makala yote yakawa mekundu na hakuna uzi wa moshi unaotoka. Hapo ndipo aliposhika vishikio kwa kitambaa na kuliingiza chumbani. Kila mama wa cité, mtaa wetu, anajua hivyo, na mama yangu alifundishwa na mama yake huko kaskazini: kinachoua ni moshi, makala yakishaiva ni salama. Alikuwa anamlinda mume wake asikohoe. Mwanzoni aliacha mlango wazi kidogo. Baba akalalamika upepo unampiga kisogoni, mama akaufunga. Ukanda wangu wa mpira ulikaa vizuri chini.

Siku ya mwisho mama aliingiza mbabula saa tatu asubuhi, akaenda sokoni kutafuta sombe, majani ya muhogo, na samaki mkavu. Alirudi saa tano. Baba alikuwa kwenye kiti, koti limefungwa mpaka kidevuni, kichwa kimeinama kama mtu anayesinzia kanisani.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika, mbabula lilikuwa bado pale miguuni pake, majivu na makala machache. Nilishika vishikio kwa mikono mitupu nikalitoa nje. Daktari alikuja, akamfungua baba macho, akanusa chumba, akatazama dirisha. Alisema ni hewa ya makala, na kwamba kifua kile hakikuwa na nguvu ya kupigana nayo. Sikuhitaji kuambiwa. Hewa ile naijua kwa jina na kwa herufi zake. Kila mwezi nasimama mbele ya watu wangu kumi na wanne mgodini, nachora ubaoni jinsi inavyojaza mahali palipofungwa, na nawauliza maswali mmoja mmoja mpaka wajibu sawasawa.

Mazishi niliyafanya kwa namna ambayo Musonoi itayazungumza. Jeneza, hema, viti, chakula cha siku tatu, bia kwa waliotaka na fanta kwa watu wa kanisa. Ndugu za baba walikuja kutoka kaskazini kwa gari nililolipia.

Siku ya nne wakakaa kikao. Katika familia yetu ni hivi: kabla mjane hajavuliwa nguo ya kilio, wanaume wa upande wa mume humuuliza, mbele ya wote, mume wake alikufaje. Jibu lake likiwaridhisha wanamnawisha mikono, naye anabaki kuwa mama wa nyumba ile. Lisipowaridhisha, hawamnawishi. Hakuna anayempiga wala kumtukana. Anarudi kwa ndugu zake na neno hilo juu yake, na wajukuu zake watalisikia.

Baba mkubwa, kaka wa baba, alikaa katikati, mikono juu ya fimbo. Mama alikaa chini kwenye mkeka.

“Mama, tuambie. Ndugu yetu alikufwa namna gani?”

“Alikufwa mu kiti yake. Nilikuwa soko.”

“Asubui alikuwa muzima?”

“Alikunywa chai.”

“Na mbabula, nani aliingiza?”

“Njo mi niliingiza,” alikiri.

Nilingoja aendelee. Hakutaja resho, hakutaja prizi, hakunitazama. Baba mkubwa akanigeukia, na uso wake ukawa na tabasamu la fahari alilokuwa nalo kila aliponitazama wiki ile.

“Enjenia wetu. Wewe unajua bitu bya moto. Utuelezee, sisi bajinga, namna gani makala inaweza kuua mutu na haina moshi.”

Nilisimama. Nilieleza vizuri, na hata leo najua nilieleza vizuri. Nilisema hewa ile haina harufu, haina rangi, inatoka zaidi kwenye makala mekundu kuliko kwenye moshi, na ndani ya chumba kilichozibwa inachukua nafasi ya pumzi kwenye damu. Shangazi zangu walitikisa vichwa. Mzee mmoja aliniuliza kama hata nje inaua, nikamjibu. Walikuwa wananitazama jinsi ambavyo siku zote nilitaka watu wa baba wanitazame.

“Basi njo mbabula ilimuua,” baba mkubwa alisema.

“Njo mbabula.”

“Na mbabula haina miguu.”

Watu wakanung’unika. Hapo palikuwa na nafasi ya maneno machache, na mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikaketi.

Walikwenda pembeni, wakarudi upesi. Baba mkubwa alisema hawasemi kwamba mama aliua kwa makusudi. Alisema mwanamke aliyemwacha mgonjwa na moto akaenda kununua samaki hawezi kunawishwa mikono na watu wa mgonjwa huyo. Mama aliinamisha kichwa, akasema “Nimesikia.” Aliweka kiganja chini ili ainuke.

Ndipo nikasimama tena.

“Ni mi,” nilisema. “Prizi ya chumba nilifunga na kufuli. Alikuwa na resho, mama alikuwa anamupashia na resho, hakuna hewa mubaya mu resho. Mi nilikataza. Dirisha pia ni mi niliziba. Mama hakukuwa na kitu ingine ya kufanya.”

Kisha baba mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma.

“Ikala, tata,” alisema, akinionyesha kiti. “Uchungu njo inakusemesha.”

“Hapana, baba mukubwa. Kufuli iko pale, mwende muone.”

“Kufuli ya nini? Mutu anafunga nyumba yake namna anapenda. Wewe njo ulitengeneza hii nyumba. Wewe njo ulizika baba yako kama gavana. Mutoto wa namna hii anaua baba yake? Shetani atacheka.”

“Anataka kubeba kosa ya mama yake,” shangazi mmoja alisema. “Mutoto muzuri.”

“Basi aonekane muzuri, lakini atuache,” mwingine akadakia, na baadhi wakacheka taratibu. Mtu akanishika bega akanikalisha. Nilisema tena, kwa sauti zaidi, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kunisifu. Kila nilichokuwa nimekijenga kilisimama mbele yangu kama ukuta na hawakuweza kuniona nyuma yake. Bia waliyokuwa wanakunywa ilikuwa yangu.

Jikoni nilimkuta mama anafunga sufuria zake kwa kitenge.

“Utabaki hapa,” nilimwambia. “Nyumba ni yako. Batu ya baba batarudia kwao kesho.”

“Mi nilale mu nyumba kwenye balisema niliua bwana yangu? Mu kitanda yake?”

“Juu ya nini haukusema? Wakati balikuuliza, juu ya nini haukusema ni mi?”

Alifunga fundo, akalijaribu kama limekaza.

“Nilingoja useme wewe.”

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Tenke, kwa kaka yake. Njia nzima ni malori ya madini mbele na nyuma, na hatukuzungumza isipokuwa aliponiambia nipunguze mwendo. Mjomba anakaa karibu na reli. Habari ilikuwa imemtangulia. Alitoka uani na wanawe wawili wakubwa, akamsalimia dada yake, akamtolea kiti, akachukua furushi la sufuria mwenyewe. Mimi hakunitolea kiti. Hakuuliza nimesafiri vipi.

“Njo wewe enjenia?” alisema, ingawa ananijua tangu nikiwa mgongoni.

“Ni mi, mujomba.”

“Batu ya baba yako banasema dada yangu aliua. Ulikuwa pale. Wewe unasema nini?”

Ndugu wa baba walikuwa na sababu ya kutonisikia. Mtu huyu hakuwa nayo. Hakuwa amekunywa bia yangu, na angeweza kunikataza nisikanyage tena ua ule. Niliweka funguo za gari chini, nikaanza kueleza nikiwa nimesimama juani, na safari hii nilianza mwanzo: karatasi ya jikoni, namba, ampea saba, koti, kisanduku cha bati. Nilimwambia kwamba mama alinieleza baba anasikia baridi na mimi nikajibu kwa koti. Nilimwambia kwamba kwenye kikao nilisimama mara mbili, na mara ya kwanza nikaketi. Wana wa mjomba walikuwa wamekunja mikono.

“Kufuli niliweka Jumatatu,” nilisema.

“Ilikuwa Jumanne,” mama alisema kutoka kwenye kiti.

Sote tukamgeukia. Alikuwa ameweka mikono magotini.

“Jumatatu nilimuwashia resho bado. Alikaa na miguu wazi, anakula njugu, akasema leo iko sawa. Sema Jumanne.”

“Jumanne,” nilisema, na nikaendelea.